Mchezo wa Kufunga Gunzi

Kamba ya mgomba ikilowa mvua kisha ikaanikwa juani hutoa harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine. Ina utamu kidogo, kama wa ndizi iliyosahaulika kikapuni, na chini ya utamu huo mna uchungu wa majani yaliyooza. Huku kwetu, kwenye vilima vya Nyamira juu ya mji wa Keroka, kila mtu hufungia kitu kwa kamba hiyo: kuni, nyasi za ng'ombe, mlango wa banda la kuku. Mimi nikiinusa huwa ninatabasamu, na wanaoniona hudhani ninakumbuka jambo jema. Hawajakosea. Ninakumbuka alasiri moja ya Jumamosi uani kwetu, na uso wa mwanamke mmoja ukimbadilika mbele ya wenzake wote wa kanisani.

Nilikuwa na miaka kumi na minne mama alipofariki. Baba alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Tulibaki wanne: mimi Kwamboka, kifungua mimba, Ombati, aliyekuwa na miaka tisa, Moraa, aliyekuwa na saba, na Makori, ambaye alikuwa na miezi minane na bado alikuwa ananyonya. Siku ya mazishi, udongo wa kaburi la mama ukiwa bado laini kando ya kaburi la baba, mke wa baba mdogo alisimama mbele ya waombolezaji akamtoa Makori mikononi mwangu. Alisema mtoto huyo kuanzia leo ni wake, na Kwamboka arudi shuleni amalize darasa la saba na la nane kama wenzake. Watu waliitikia amina. Mimi nililia tena, safari hii kwa shukrani, nikamshika magoti. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya njia, hatua hamsini kutoka kwetu. Nilimwita mama mdogo kwa moyo wote. Hilo ndilo jambo moja la siku ile ambalo ningependa kulifuta.

Usiku Makori aliendelea kulala kwetu, basi kila asubuhi nilivuka njia nikiwa nimembeba, na kikombe cha uji mkononi, nikamwacha kwa mama mdogo kisha nikakimbia shuleni. Jioni nilimkuta amenyamaza. Alinyamaza mno, lakini sikujua mtoto wa umri ule anapaswa kunyamaza kiasi gani. Ilipita miezi miwili hivyo. Siku moja walimu walikuwa na mkutano wakatuachilia saa nne asubuhi, nami nikapita moja kwa moja kumchukua mdogo wangu. Mlango wa jiko lake la nje ulikuwa umezuiwa kwa kijiti kutoka nje. Nilikitoa. Ndani mlikuwa na giza na moshi wa jana. Makori alikuwa amefungwa kiunoni kwa leso, na ncha za leso zikafungwa kwenye nguzo ya katikati. Alikuwa amelala, kichwa kimeangukia ardhini, shavu limejaa majivu. Uji wangu ulikuwa kando yake, kikombe kimejaa, umeganda utando juu, na nzi wanatembea kwenye utando. Kutoka bondeni nilisikia sauti ya mama mdogo, akicheka na wachuma chai wenzake.

Nilijaribu kufungua fundo nikashindwa. Mtoto alikuwa amelivuta mpaka likawa kama jiwe. Nilichukua kisu cha kumenyea ndizi nikaikata leso pembeni, nikamtoa Makori bado amelala, nikamfunga mgongoni kwa leso ileile, nikaondoka. Ilikuwa leso ya samawati yenye maua ya manjano, ambayo mama mdogo alikuwa ameinunua soko la Daraja Mbili na kutuonyesha sote kwa majivuno. Makori aliamka tulipofika nyumbani. Sikumrudisha tena, na mimi sikurudi tena shuleni. Kaptura moja ya Ombati ilitokana na sketi yangu ya sare.

Nilikwenda kwa baba mdogo nikamweleza. Aliwaita wazee wawili wa ukoo, tukaketi. Mama mdogo alilia vizuri sana. Alisema msichana huyu amechoka na vitabu na sasa anatafuta mtu wa kumtupia lawama, na kwamba alimlisha mtoto yule kabla ya kuwalisha wake. Wazee walinitazama kama mtu anavyotazama mbuzi aliyeingia shambani. Mmoja aliniambia nimwombe mama yangu mdogo msamaha. Niliomba. Tangu siku hiyo sikumwita mama mdogo tena, nilimwita Mama Bosire, jina la mwanawe wa kwanza, kama wanavyomwita majirani. Hakuna aliyegundua ila yeye.

Kilichoniuma zaidi ni yaliyofuata kanisani. Karibu kila Jumamosi, siku yetu ya ibada, Mama Bosire alisimama wakati wa shuhuda akaeleza jinsi Mungu anavyomtia nguvu ya kulea mayatima wa shemeji yake. Akina mama walimpangusa machozi. Walimletea unga, sabuni na masweta ya watoto, na vitu hivyo viliishia nyumbani kwake, ng'ambo ya njia. Nilimwona Bosire amevaa sweta ambalo lilikuwa limetangazwa kanisani kuwa ni la Ombati. Nilikaa benchi la nyuma na Makori mgongoni, ndani ya leso ya mwanamke yule yule, nikasikiliza neno kwa neno. Sikumwomba Mungu anisaidie kusamehe. Nilimwomba anipe muda.

Wakati huo Makori alikuwa akijifunza dunia. Sijui kama kuna kitu kizuri zaidi ya mtoto anayeanza kuongea, na sitaki mtu adhani kwamba kwa sababu ya hasira yangu sikukiona. Neno lake la kwanza lilikuwa jina la Ombati, nalo alilitumia pia kwa paka na kwa kuku. Kisha likaja maji, kisha beba, kisha yangu, na baada ya yangu hakukuwa na amani tena ndani ya nyumba. Alimfuata Ombati kila mahali, na kila alichofanya Ombati, yeye alikifanya nusu dakika baadaye. Ombati akitema mate baada ya kupiga mswaki, Makori naye alitema, kwenye tumbo lake mwenyewe. Moraa akifagia kinyumenyume, naye alifagia kinyumenyume na kijiti mpaka akakalia moto wa majani, bahati nzuri ulikuwa umezimika. Nilipokuwa nikichuma chai kwenye mashamba ya watu ili tupate chakula, alisimama kati ya mistari akachuma hewa kwa mikono miwili na kuitupa nyuma ya bega, kwenye kapu ambalo halikuwepo. Wachumaji waliacha kazi kumtazama. Mmoja alimwambia, "Mzee, kapu lako limejaa, nenda ukapime." Naye akaenda kweli, ameinama kwa uzito.

Mchezo wenyewe hakuubuni mtu mzima. Niliwasimulia Ombati na Moraa kilichotokea jikoni kwa Mama Bosire, kwa sababu walikuwa wakiniuliza kwa nini sivai tena sare, na siku chache baadaye niliwakuta wanakicheza nyuma ya nyumba. Ombati alijitanda blanketi akawa Mama Bosire. Moraa alikuwa mimi, anarudi shuleni na begi la karatasi. Makori wao lilikuwa gunzi la mahindi lililovikwa kitambaa. Leso ya kuchezea hawakuwa nayo, maana leso pekee ya nyumba ilikuwa mgongoni pangu, kwa hiyo walimfunga gunzi kwenye nguzo ya banda kwa kamba ya mgomba. Nilitaka kuwachapa. Nilikuwa nimeshainama kuchukua kijiti nilipomwona Makori halisi, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu, amechuchumaa pembeni. Mchezo ulipoisha alikwenda akalichukua gunzi, akalizungushia ile kamba mara mbili tumboni, akalitikisia kidole. Kisha akasema, "Kaa."

Nilikirudisha kijiti chini.

Sitajificha nyuma ya utoto. Nilijua nilichokuwa nikifanya. Kuanzia siku hiyo mchezo ule ulikuwa na mwalimu. Nilikaa kwenye kigoda nikimenya viazi na kumrekebisha Ombati: hapana, Mama Bosire hatembei hivyo, hutembea mkono mmoja kiunoni, hapana, kwanza afunge, ndipo aseme. Maneno ya kusema niliyatunga mimi, kwa sababu sikuwepo alipomfunga mtoto na sijui alimwambia nini, au kama alimwambia lolote. Nilichagua machache ambayo ulimi mdogo ungeweza kuyabeba: "Kaa hapo. Ukilia nakuchapa." Na mwishoni niliongeza jambo ambalo lilikuwa la Mama Bosire na si la mtu mwingine katika kijiji chote. Alikuwa na tabia, akimaliza kazi yoyote, hata ikiwa ni kufunika sufuria, ya kupangusa viganja mara tatu, pa, pa, pa, kisha kushusha pumzi. Ombati aliiga vizuri mpaka Moraa akaanguka kwa kicheko. Makori aliiga vizuri kuliko Ombati.

Ilichukua miezi mingi. Kwanza alikuwa na kaa, kisha kaa hapo, kisha siku moja ya mvua sentensi nzima ikatoka, kamili, kwa sauti nzito aliyoitoa kwa Ombati. Nilimpa ndizi mbivu. Alijifunza haraka kwamba mchezo huo huleta ndizi, lakini nadhani angeucheza hata bila ndizi, maana ulikuwa mchezo wa wakubwa na yeye alitaka kuwa mkubwa. Nilimpenda sana jioni hizo. Nilimpenda na nilikuwa ninamnoa kama kisu, na vitu hivyo viwili havikugombana ndani yangu.

Muda niliouomba ulikuja pamoja na habari mbaya. Makori alikuwa amefikisha miaka miwili na miezi mitatu. Baba mdogo alikuja kuniambia kwamba akina mama wa kanisa, baada ya kumsikiliza Mama Bosire, wameona hatuwezi kuendelea kukaa peke yetu. Makori angehamia kwa Mama Bosire kabisa. Ombati angepelekwa kwa mjomba, Moraa kwa shangazi kule Keumbu, na mimi ningetafutiwa kazi ya nyumbani kwa watu wa Kisii mjini. Wangekuja Jumamosi, ibada ikiisha, kutuombea na kumkabidhi mtoto. Aliyasema hayo akiwa anatazama kuku. Nilimjibu kwamba tutawapikia wageni viazi vitamu.

Jumamosi ile niliamka nikaufagia ua mpaka ukawa mtupu. Niliondoa vigae, vijiti, tairi la Ombati, kila kitu ambacho mtoto angeweza kuokota. Niliacha gunzi chini ya nguzo ya banda, na kamba ya mgomba kando yake, niliyoiloweka ili iwe laini kwa vidole vidogo. Nilijifunga leso ya samawati kiunoni. Walikuja akina mama kumi na wawili, wakaketi kwenye mabenchi tuliyoazima. Mama Bosire aliketi katikati, karibu na mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu mwenye miwani, na akampakata Makori aliyemvisha sweta jipya. Aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Waliomba, wakanywa chai, wakaanza kusema jinsi mtoto alivyo na bahati.

Makori alivumilia kwa muda, kisha akateleza kutoka mapajani pake. Alitembea uani akitafuta kitu, na kitu kilikuwa kimoja tu. Nilikuwa nimeshika birika. Nakumbuka kishikio kilikuwa cha moto na sikukiachia. Alilichukua gunzi, akaliegemeza kwenye nguzo, akalizungushia kamba, akaibana kwa kuvuta ncha zote mbili na kutoa ulimi nje. Mkono kiunoni. Kidole juu. "Kaa hapo. Ukilia nakuchapa." Kisha akapangusa viganja, pa, pa, pa, akashusha pumzi.

Walicheka. Hata mimi sikuwa nimelitarajia hilo, lakini walicheka sana, kwa sababu mikono ile waliitambua wote. Mmoja alisema, "Wewe Mama Bosire, huyu amekuiga mikono kabisa." Mwingine akasema hata pumzi ni yake. Mama Bosire naye alicheka. Makori, kwa kuwa alifurahiwa, alilifungua gunzi akaanza upya. Safari hii kicheko kiliisha katikati, benchi moja kwanza, kisha jingine, kama watu wanaosikia mtu anabisha mlangoni. Mwenyekiti aliweka kikombe chini. Alimwita Makori akamuuliza kwa upole huyo aliyefungwa ni nani. Makori alijigusa tumboni akasema, "Makori." Hilo pia lilikuwa sehemu ya mchezo. Gunzi halijawahi kuwa na jina jingine.

Wanawake wote walikuwa wakimtazama Mama Bosire, bila ukali, wakingoja tu acheke tena ili nao wacheke. Kama angecheka, ningekuwa mfanyakazi wa nyumbani Kisii mjini hadi leo. Lakini alisimama. Alikuwa na hasira ya mtu anayesingiziwa, na kweli alikuwa anasingiziwa, kwa kiasi cha kamba moja.

"Mimi sikumfunga na kamba," alisema. "Ilikuwa leso, tena nililegeza. Muulizeni Kwamboka, ndiyo hiyo amejifunga."

Nimeishi na maneno hayo miaka mingi na bado hayajaisha utamu. Nyuso zote ziligeuka zikanitazama kiunoni. Niliweka birika chini, nikaifungua leso, nikamkabidhi mwenyekiti. Aliitandaza magotini, akaipitisha vidoleni mpaka akaifikia ile pembe iliyokatwa kwa kisu. Aliuliza kwa nini imekatwa. Nilimwambia ni fundo, mwalimu, lilikataa kufunguka. Alivua miwani akaifuta kwa leso ileile, akakaa nayo mkononi bila kuivaa. Mama Bosire alianza kusema kwamba alikuwa na kazi nyingi siku zile, kwamba ilikuwa mara chache, kwamba kila mwanamke hapa amewahi kumfunga mtoto asiingie motoni. Alizidi kusema, na kila alilosema lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Nilimtazama usoni muda wote. Kabla hajamaliza, mwanamke aliyekuwa upande wake wa kushoto alikuwa amesogea mwisho wa benchi.

Makori hakwenda popote, wala Ombati, wala Moraa. Tangu juma hilo unga na sabuni viliwekwa mlangoni petu. Mama Bosire hakusimama tena wakati wa shuhuda. Baada ya muda alihamia kanisa jingine, mbali, ambako ilibidi apande vilima viwili. Hakuna aliyemfukuza. Mimi nilihakikisha tu kwamba kila Jumamosi ninapita mbele ya lango lake na Makori mgongoni, na ile pembe iliyokatwa nimeiacha ining'inie nje. Makori alipokuwa mkubwa kiasi cha kutobebwa tena, nilijifunga leso hiyo kiunoni nikapita vilevile. Wakati mwingine Mama Bosire alikuwa uani akianua nguo. Aliingia ndani.

Sasa nina miaka thelathini na miwili. Nilisoma madarasa yaliyobaki kwenye vitabu vya wadogo zangu, nikiwasikiliza wakisoma kwa sauti huku ninasonga ugali, na barua yoyote ninayoandika sasa ni tunda la shule hiyo. Ombati ana karakana yake Keroka. Moraa ameolewa. Makori amehitimu sekondari, na Januari hii ameitwa chuo cha uuguzi. Ni kijana mpole, anayesalimia kila mzee njiani kwa mikono miwili, isipokuwa mzee mmoja. Mama Bosire ni mjane sasa, miguu imemvimba, watoto wake wako Nairobi na hawaji. Wiki mbili kabla Makori hajaondoka, mama huyo alijikongoja hadi uani kwetu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Hakuketi. Aliniambia anataka kijana apite kwake ambariki kabla ya kwenda chuoni, na kwamba kila akimwita hukataa kwa sababu anakumbuka kamba.

"Kwamboka, mimi na wewe tunajua," alisema. "Alikuwa hajafika hata mwaka. Alikuwa amelala."

Nilimwambia nitaongea naye. Jioni, tukila, niliongea naye. Makori aliacha kula. Alisema angependa kusamehe, kanisani wamewafundisha kusamehe, lakini kila akimwona yule mama huisikia ile kamba ya mgomba ikimkwaruza kiunoni, na kunusa ile harufu yake. Aliniuliza kama kweli mtu anaweza kusahau kitu ambacho mwili wake unakikumbuka. Kwenye jiko maji ya chai yalikuwa yakichemka. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, leso, na lingetosha. Ni kijana mwerevu, mengine angeyajumlisha mwenyewe, pamoja na niliyoyafanya mimi. Nilinyanyuka nikaipua sufuria.

Asubuhi ya safari aliniomba kitu cha kubeba. Hakutaka blanketi wala saa ya Ombati. Alitaka leso yangu kuukuu ya samawati, ile niliyombebea mgongoni, kwa sababu, alisema, ni kitu cha kwanza duniani anachokumbuka kikimpa usalama. Maua ya manjano yamefifia yakawa meupe. Niliikunja, pembe iliyokatwa ikawa ndani, nikaiweka juu ya nguo zake na kufunga zipu ya begi. Nilimsindikiza hadi langoni. Mama Bosire alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya nyumba yake, amevaa gauni la kanisani, mikono imetulia mapajani. Makori alipita bila kugeuza kichwa, begi begani, na leso ya mwanamke yule ikiwa ndani ya begi. Nilisimama pale mpaka akaifikia barabara kubwa. Kisha nilimtazama Mama Bosire, naye akanitazama, na mimi ndiye niliyepangusa viganja.